Haki Isiishie Gatini Nyamisati

Mkazi wa delta ya Rufiji hahitaji kufundishwa na mtu juu ya umbali. Mtu wa Salale, wa Mfisini, wa Kiongoroni au wa Msala ajua tangu utoto wake kwamba safari ya kwenda bara haipimwi kwa kilomita bali kwa maji. Maji yakijaa, chombo hupita katikati ya mikoko na kufika salama. Maji yakipwa, chombo hukalia tope na abiria hungoja, awe na haraka au asiwe nayo. Akishafika gatini Nyamisati bado ana safari ya barabara hadi Kibiti, makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Huko ndiko ziliko ofisi, na huko ndiko mambo yake mengi mazito huamuliwa.

Watu wa visiwani wamezoea kudai zahanati, shule, maji safi na vyombo vya usafiri, na madai hayo ni ya haki. Leo twapenda kuongeza dai moja ambalo husahauliwa katika mikutano na katika mipango: wakili wa kujitegemea aliye karibu nao. Hatusemi kampuni kubwa ya mawakili yenye ofisi ghorofani jijini. Twasema wakili mmoja, mwenye chumba kimoja, meza, kabati lenye kufuli na mhuri wake, aliyeamua kuishi Kibiti na kuwatumikia wakulima wa mpunga, wavuvi wa kamba na wachuuzi wa kaa.

Wapo watakaoshangaa. Watasema wakili ni mtu wa matajiri, na kwamba maskini hutosheka na mwenyekiti wa kijiji, shehe na wazee. Wazo hilo lina asili yake. Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961, Waafrika wenyeji miongoni mwa mawakili walihesabika kwa vidole. Mwaka huo huo Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi 14 tu. Kwa miaka mingi baadaye, mwananchi wa kawaida aliweza kuzaliwa, kuoa, kurithi na kuzikwa bila kuonana na wakili hata mara moja.

Hali hiyo imebadilika. Mawakili walioandikwa katika rejesta ya nchi wamekwisha pita 10,000. Kila mwaka vijana kwa mamia hula kiapo mbele ya Jaji Mkuu, hupiga picha na wazazi wao, kisha wengi hubaki jijini wakigombea kazi zile zile katika mitaa ile ile. Kwa hiyo shida tuliyo nayo leo si uhaba wa wanasheria. Shida ni kwamba wamejazana mahali pamoja, huku mwananchi wa delta akivuka maji, kisha akapanda gari zaidi ya kilomita 130 kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam, kumtafuta mtu wa kumsomea karatasi aliyoletewa na tarishi wa mahakama.

SIKU THELATHINI

Ili tusionekane kuwa twasema maneno matupu, na tuchukue mfano wa kufikirika, ambao kila mtu wa visiwani ataona kuwa waweza kumpata jirani yake. Mjane mmoja ameshindwa katika Mahakama ya Mwanzo juu ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Sheria yampa siku 30 za kukata rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya. Kwa mtu wa mjini siku 30 ni nyingi. Kwa mjane huyu, wiki ya kwanza yapita katika majonzi na mashauri ya ndugu. Ya pili yapita akitafuta nauli na kuulizia nakala ya hukumu. Ya tatu, upepo wa kusi wavuma na manahodha hawataki kutoka. Ya nne afika Kibiti Ijumaa jioni, naye hana pa kulala hadi Jumatatu. Siku ya 31 haki yake imelala, ingawa hakuna mtu yeyote aliyempokonya.

Ni kweli kwamba aweza kuomba kuongezewa muda. Lakini mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba mwombaji hana budi kueleza kila siku aliyochelewa, na siku moja isiyoelezwa yaweza kuliangusha ombi zima. Nani basi atamwandikia mjane huyo kiapo kinachotaja siku kwa siku habari za kupwa na kujaa, za chombo kilichokosekana na cha pili kilichokwama? Wakili ambaye hajapata kukalia tope hajui hata swali la kumuuliza. Wakili aliye Kibiti, aliyesafiri mwenyewe katika mito hiyo, atamuuliza kwanza: ulitoka kisiwani siku gani, na maji yalikuwaje?

MAMBO YENYEWE NI YAPI

Mashauri ya watu wa delta si ya ajabu, lakini ni ya uhai. La kwanza ni mirathi. Mahakama ya Mwanzo ndiyo yenye mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila, na huko ndiko familia nyingi za ukanda huu huenda. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa hutakiwa, ndani ya miezi 4, kupeleka mahakamani orodha ya mali na kueleza alivyoigawa. Hata hivyo wapo wasimamizi wanaodhani kwamba barua ya uteuzi ni hati ya umiliki, wakauza mnazi wa yatima na mashua ya marehemu kana kwamba ni vyao. Barua moja ya wakili, iliyoandikwa kwa adabu na kwa wakati wake, yaweza kumrudisha msimamizi kwenye wajibu kabla ugomvi haujagawa ukoo.

La pili ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa pamoja pale ndoa inapovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango wa kuhesabiwa katika kuchuma mali. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu msimamo huo utangazwe. Twajiuliza: ni wanawake wangapi, kati ya wale wanaopanda mpunga, kuanika kamba na kulea watoto mume akiwa dagoni, walioelezwa jambo hilo na mtu anayelijua?

La tatu ni ardhi, na hapo ndipo penye moto. Historia ya ardhi ya Rufiji ni historia ya watu kuhamishwa na kuhama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Operesheni Rufiji iliwatoa wakulima wa bonde la mafuriko na kuwaweka kwenye miinuko. Operesheni vijiji ikafuata katika miaka ya 1970. Baada ya mwaka 2006 wafugaji waliotolewa Usangu na Ihefu waliteremka na ng'ombe wao hadi huku, na migogoro kati yao na wakulima ikaanza. Mwaka 2024, mwezi wa Aprili, mafuriko makubwa yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikapiga pwani hii na Kisiwa cha Mafia. Maji yakiondoka hayaachi mipaka kama yalivyoikuta.

Katika mambo hayo sheria haikunyamaza. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kukalia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wakiwemo wanawake 3. Mwaka 2021 Baraza la Kata liliondolewa mamlaka ya kuhukumu migogoro ya ardhi, likaachiwa kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, mdai huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabadiliko kama hayo husomwa upesi jijini. Kisiwani, mtu aweza kuendelea kulibembeleza baraza litoe hukumu ambayo halina tena uwezo wa kuitoa, na muda ukazidi kupotea.

La nne ni msitu. Mikoko ya delta hii, iliyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika Afrika Mashariki, imekuwa hifadhi ya serikali tangu zama za Wajerumani. Watu nao wameishi humo, wakakata boriti, wakalima mpunga na kuvua, vizazi kwa vizazi. Mlinzi wa msitu ana wajibu wake na mkulima ana njaa yake. Wakikutana mahakamani, mmoja ana sheria kifuani na mwenzake ana jembe tu. Hatutetei ukataji wa mikoko, kwa maana mikoko ikiisha kamba nao wataisha. Twasema tu kwamba mshitakiwa apaswa kujua anashitakiwa kwa kifungu gani, na ana haki ya kujibu nini.

FUNZO LA KAMBA

Wapo waliosahau, na wapo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Katika miaka ya 1990 kampuni moja iliomba kufuga kamba katika delta, kwenye maelfu ya hekta. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Serikali ikauridhia mwaka 1997. Wanavijiji waligawanyika: wengine walitumaini ajira, wengine waliogopa kupoteza mashamba, mikoko na maji ya kuvulia. Waliopinga walipata msaada wa mawakili wa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, wakafungua shauri Mahakama Kuu. Hatimaye mabwawa yale hayakujengwa.

Hatufufui ugomvi wa zamani, wala hatusemi kila mwekezaji ni adui. Jambo tunalolishika ni hili: wananchi wa delta walipopata mtu wa kuwaandikia madai yao kwa lugha ya mahakama, walisikilizwa kama watu wenye haki. Na itakuwa vizuri zaidi siku za usoni kama mtu huyo atakuwapo mapema, kabla karatasi hazijatiwa sahihi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji yautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie kabla ardhi yake isiyozidi hekta 250 haijahamishwa kuwa ardhi ya kawaida. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuyapima maoni ya mkutano huo. Mkutano unaojua uwezo wake hauinui mikono kwa sababu tu mgeni amekuja na soda na kofia.

KIJANA AANZEJE

Sasa tuseme na kijana anayetafakari kuja. Njia ya kufikia uwakili aijua: shahada ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha ombi kwa Jaji Mkuu, na mwisho kiapo. Kila mwaka hana budi kuhuisha cheti chake cha kufanyia kazi, maana hukoma tarehe 31 Desemba. Wakili aliyesahau tarehe hiyo humdhuru mteja, kwa kuwa hati alizotia sahihi bila cheti zaweza kupingwa.

Akifika Kibiti, asianze na mapambo. Chumba karibu na mahakama au stendi chatosha. Ajiandikishe kwa mamlaka ya kodi, asajili jina la ofisi, apate mashine ya risiti, na afungue akaunti mbili za benki tangu siku ya kwanza: moja ya ofisi na nyingine ya fedha za wateja. Fedha ya fidia ya mkulima iliyopitia mkononi mwa wakili si ya wakili hata kwa usiku mmoja. Wanasheria wengi walioanguka hawakuangushwa na ujinga wa sheria. Waliangushwa na kukopa kidogo kidogo katika fedha isiyokuwa yao, wakitumaini kurudisha mwisho wa mwezi.

Kitu cha pili ni daftari la tarehe. Wakili aliye peke yake hana karani wa kumkumbusha wala mwenzake wa kumshika mkono. Kila shauri liandikwe mahali pawili: siku ya kutajwa, siku ya mwisho ya kujibu, siku ya mwisho ya rufaa. Kando ya tarehe hizo, kwa wakili wa delta, paandikwe pia siku za bamvua na za maji mafu, ili ajue mteja wake wa Kiongoroni ataweza kufika lini. Hati za asili za wananchi zipokewe kwa stakabadhi na zifungiwe. Barua ya mauziano ya mwaka 1974 iliyoliwa na mchwa haiwezi kuandikwa upya.

Tatu, awe na mwenziwe. Kujitegemea si kujitenga. Siku atakayolazwa kwa homa, shauri la mteja halitangoja apone. Basi apatane mapema, kwa maandishi, na wakili mwingine wa Kibiti, Mkuranga au Dar es Salaam, kwamba kila mmoja atamsimamia mwenzake anapopatwa na dharura, na kwamba siri za wateja zitalindwa na wote wawili.

RIZIKI YAKE

Kijana atauliza: nitakula nini? Swali hilo si la uchoyo, na wanaompuuza ndio wanaofanya ofisi za namna hii zifungwe baada ya mwaka mmoja. Wakili wa wilayani haishi kwa kesi kubwa. Huishi kwa kazi ndogo ndogo zinazokuja kila siku: viapo, mikataba ya mauziano, wosia, hati za uwakala, barua za madai, mikataba ya kukodi mashua. Vyama vya msingi vya ushirika vinavyouza korosho na ufuta huhitaji mtu wa kusoma mikataba yao ya usafirishaji na mikopo. Shule, misikiti, makanisa, vikundi vya kuweka na kukopa na wenye maduka nao wana mahitaji hayo. Akipata wachache wa kumlipa kila mwezi, kodi ya chumba imepatikana, na moyo wake umetulia kusikiliza shauri la mjane.

Ada nazo zipatane na majira. Mkulima wa korosho huwa na fedha msimu wa mauzo. Mvuvi huwa nazo pale kamba wanapopatikana. Amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2015 imeweka viwango na taratibu, na ndani ya taratibu hizo wakili na mteja waweza kuandikiana makubaliano ya kulipa kwa awamu. La muhimu ni kuandika. Makubaliano yawe kwa Kiswahili, yataje kazi itakayofanywa, kiasi, awamu, na gharama zisizokuwa ada, kama vile nauli na ada za mahakama. Mteja asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemwamini.

Kuhusu lugha, kijana wa leo ana bahati ambayo wakubwa wake hawakuwa nayo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Sasa mkulima aweza kuisoma hati ya madai iliyoandikwa kwa jina lake na kusema, "Hapa sivyo nilivyokueleza." Wakili mwema hataogopa neno hilo, atashukuru. Mwaka huo huo mawakili walifunguliwa mlango wa Mahakama ya Mwanzo, ambako kwa miaka mingi walizuiwa kusimama, pale mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi. Ukanda ambao mashauri yake mengi huanzia katika Mahakama ya Mwanzo wahusika sana na mabadiliko hayo.

MTEGO WA MAHALI PADOGO

Tusifiche kwamba kazi hii ina mitego yake, na mahali padogo mitego huzidi. Leo mtu atamwendea wakili kumweleza ugomvi wa shamba, na kesho mpinzani wake atabisha hodi mlango ule ule. Wakili hana budi kumkataa wa pili, hata kama ana fedha zaidi, hata kama ni mkwewe. Akisikiliza pande zote mbili amekwisha; habari hizo zitavuka maji kabla yake. Vilevile, sheria za taaluma humkataza kutembea akiwinda kesi msibani na hospitalini. Tangazo lake ni mteja aliyetendewa haki, hata aliyeshindwa lakini akaelezwa kwa nini ameshindwa. Na mara nyingi neno la thamani kuliko yote atakalomwambia mtu ni hili: "Shauri lako halina nguvu. Rudi ukapatane na ndugu yako. Nauli ya kuja tena kanunulie mbegu."

Kwa wananchi twasema: jihadharini na mawakili vishoka. Hawa ni watu wasioandikwa katika rejesta, wanaokaa na mafaili kwapani, wakaahidi kumaliza jambo kwa kuwa "wanajuana na hakimu". Wakili wa kweli hatachukia kuulizwa cheti cha mwaka huu. Anayekasirika kwa swali hilo, ondokeni kwake. Anayedai fedha ya kumpa hakimu, ondokeni kwake upesi zaidi, mkatoe taarifa.

WAJIBU WA WALIO OFISINI

Kwa ndugu zetu wa Serikali na Mahakama tuna maombi machache, na hakuna hata moja linalohitaji hazina kubwa.

Kwanza, kalenda ya mashauri iyatambue maji. Shauri la mtu wa visiwani lipangwe siku ambayo chombo chaweza kufika asubuhi, na mashauri ya kisiwa kimoja yapangwe siku moja ili watu na mashahidi wachange nauli. Pili, nakala za hukumu zitolewe bila kuchelewa, maana siku 30 za mwananchi haziwezi kugharamia foleni ya ofisi. Tatu, mwaka 2019 Mahakama ilianzisha mahakama inayotembea kwa magari maalumu katika Dar es Salaam na Mwanza. Twauliza kwa heshima: kama gari liliweza kuwa mahakama mjini, kwa nini boti isiweze kuwa mahakama Salale? Nne, Halmashauri yaweza kumpangisha wakili anayeanza chumba kwa kodi nafuu, kama inavyowapangisha wafanyabiashara vibanda. Nao Chama cha Mawakili cha Tanganyika, kilichopo tangu mwaka 1954, kifikirie kupunguza ada za miaka ya kwanza kwa mwanachama anayefungua ofisi katika wilaya kama hii.

Tano, viongozi wa vijiji na kata wasimwone wakili kuwa mchochezi. Eneo hili lilipata machungu mwaka 2017, walipouawa viongozi wa vijiji na askari polisi, na wananchi wakalala mapema kwa hofu. Hatusemi kwamba kuwapo kwa wakili kungezuia msiba ule. Hilo lingekuwa dai la kipuuzi. Twasema kwamba mahali palipopita katika hofu, imani hurudi polepole, na hurudi upesi kidogo pale mwananchi anapoona kwamba malalamiko yake yana njia ya wazi ya kupitia. Mtu anayempeleka mwenyekiti wake barazani hamvunjii heshima. Ameichagua njia ya amani.

Wapo watakaotujibu kwamba msaada wa kisheria upo tayari. Ni kweli, na twaushukuru. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewafikia wengi ambao hawakuwahi kuonana na mwanasheria. Lakini kampeni huja na kuondoka, na shauri hubaki. Msaidizi wa kisheria hueleza haki na kusuluhisha, ila hasimami mahakamani kumtetea mtu. Kati ya kampeni moja na nyingine, na kati ya ushauri wa kijijini na kizimba cha mahakama, kuna nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo tunayoiombea wakili mkazi, atakayefanya kazi pamoja na wasaidizi hao: wao wakimpelekea mambo yaliyowashinda, naye akiwarudishia yale yanayofaa kumalizwa kijijini.

Hatumdanganyi kijana kwamba atatajirika. Tunamwambia kwamba ataheshimiwa, atachoka, atalowa maji ya chumvi, na baada ya miaka michache hakutakuwa na gati katika delta ambako hajulikani. Kwa walio ofisini twasema kwamba kumwita ni jambo moja na kumwezesha kubaki ni jambo jingine. Maombi tuliyoyataja ni ya kumwezesha kubaki. Na kwa wenzetu wa visiwani twasema: hukumu ikisomwa, hesabuni siku hiyo hiyo. Andikeni tarehe ukutani kwa makaa ikiwa karatasi haipo. Msingoje bahari itulie ndipo mkaanza kutafuta ushauri, kwa maana sheria kama ilivyo leo haijajifunza bado kuyangoja maji.